Niliachana na TV, vitabu vya historia vikanirudisha kwenye kusoma (uzi wa wapenda historia, karibuni)

Mmatumbi_Mjini:

Wakuu habari za usiku, poleni na majukumu.

Naona humu kila mara kuna mtu analia kwamba hawezi tena kusoma kitabu, akishika kurasa tatu usingizi huo. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Tangu nimalize shule sikumbuki kumaliza kitabu chochote, ni kazi, foleni, nyumbani, rimoti. Taarifa ya habari, tamthilia ya Kituruki iliyotiwa Kiswahili, mpira wa Uingereza, marudio ya mpira wa Uingereza. Kifurushi kilikuwa hakikatiki kwangu ila ukinitajia kitabu cha elfu ishirini nakuona umechanganyikiwa. Na kuacha kwenyewe hakuna ushujaa wowote, hela ilibana nikaacha kulipia, dada yangu watoto wake walikuwa wanashinda kwa majirani kuangalia katuni, nikampa TV, king'amuzi, mpaka meza yake.

Sasa kilichofuata ndo nataka tuongee. Kwanza nilijaribu vile vitabu vya jinsi ya kuwa tajiri vinavyouzwa kwenye kila taa za barabarani, aisee ukisoma sura ya kwanza umevisoma vyote. Afu riwaya, zingine nzuri tu ila nikiiweka chini siku mbili nimeshasahau nani mume wa nani. Kilichonishika ni historia, na wala sio kwa ajili ya ile kauli ya mgeni rasmi ya tujue tulikotoka. Ni ugomvi! Vitabu vya historia vinabishana, na mimi ubishi napenda kuliko chakula.

Ilianza na Maji Maji. Upande wa mama ni Wamatumbi, na shuleni tulifundishwa kwa mistari kumi hivi, Kinjikitile akatoa maji, risasi hazikugeuka maji, Mjerumani akashinda, jibu maswali. Nikapata kitabu cha John Iliffe, A Modern History of Tanganyika, cha 1979, kurasa zaidi ya 600, herufi kama chawa. Kukianza kutoka ukurasa wa kwanza ningekufa. Nikaenda moja kwa moja nyuma kwenye faharasa nikatafuta Matumbi. Hapo ndo nilipotekwa.

Maana kumbe hadithi inaanza na pamba. Mjerumani aliamuru kila jumbe awe na shamba la pamba, watu wanalilima kwa zamu kwa lazima huku mashamba yao ya chakula yanasubiri, na ujira ulikuwa mdogo kiasi kwamba kuna sehemu watu waligoma hata kuupokea. Kinjikitile Ngwale yuko Ngarambe tangu 1904 watu wanamiminika kwake kuchukua dawa. Julai 1905 watu wa Nandete wanaenda kwenye lile shamba wanang'oa miche ya pamba. Ndio vita ilivyotangazwa, kwa kung'oa miche! Afu Kinjikitile mwenyewe akanyongwa mapema kabisa, tarehe 4 Agosti 1905 pale Mohoro, vita ndo kwanza inaanza. Mimi miaka yote kichwani kwangu alikuwa anaongoza mbele kama kamanda kwenye muvi. Jamaa hakuwepo! Vita ikaenda bila yeye mpaka Mahenge, mpaka Ungoni, mpaka 1907.

Sasa njoo kwenye waliokufa. Wajerumani wenyewe walisema 75,000. Dkt. Gwassa, ambaye aliifanyia vita hiyo utafiti huko huko kusini, anasema 250,000 hadi 300,000. Tofauti ya laki mbili! Usiku huo sikulala, nikawa najiuliza tofauti kubwa hivyo inatoka wapi, na jibu ni njaa. Askari walichoma vijiji, maghala, mashamba, na ofisa mmoja wa Kijerumani aliandika wazi kwamba ni njaa na dhiki tu ndivyo vitakavyowafanya hawa watu wasalimu amri. Kwahiyo inategemea unahesabu waliokufa kwa risasi au unahesabu na yule mtoto aliyekufa baadae porini hana unga.

Na kilichonimaliza kabisa, Iliffe anaeleza kwamba zile nchi zilizobaki bila watu pori likazimeza, mbung'o wakarudi, wanyama wakafuata, na sehemu yake ikaja kuwa hifadhi ya wanyama ya Selous. Sasa mimi hiyo Selous nimeiangalia kwenye TV nikiwa nimekaa kwenye kochi mara ngapi, tembo wanavuka Rufiji, sauti nzito ya mzungu inasema pori lisiloguswa na binadamu. Lisiloguswa! Babu zangu walikuwa wanalima humo. Tangu hapo hata hamu ya kuidai TV kwa dada iliisha.

Karibuni, mnasoma nini, mnapata wapi. Nawasilisha.

kiboko_yao:

Siti ya mbele nimewahi. Ila mkuu tusidanganyane, umeacha TV uko humu saa saba usiku na simu. Umebadilisha kioo kikubwa ukachukua kidogo, uzi wa nini sasa. Wengi mnaojisifu mmeacha TV mnaangalia mpira kwenye simu kwa link za wizi.

Mmatumbi_Mjini:

Hahaha kiboko mpira naangalia kibandani, buku tu na kelele juu. Simu sikatai ipo. Ila simu unaiweka mfukoni unaisahau, TV ukirudi imeshawashwa na kila mtu ndani ya nyumba kaielekea, wewe utasoma wapi, chooni?

BintiMvita:

Hodi humu, natokea Mombasa. Mimi nitakupinga kidogo ndugu yangu, TV haina makosa. Nakaa na mamangu na saa moja na nusu tunaangalia kipindi chetu pamoja, nikiizima hapo nitakuwa nimemkosesha mamangu furaha yake kwa sababu ya Mreno aliyekufa zamani. Nasoma asubuhi kabla ya kazi, na kwenye matatu kama si ile yenye muziki wa kupasua maskio.

Ila kwa historia niko na wewe kabisa. Mimi nilinaswa na Fort Jesus, ile ngome ya Mreno hapa Mombasa. Nimezaliwa nikiiona, tulipelekwa na shule, tukapiga picha na mizinga tukala mabuyu tukarudi. Halafu nikasoma habari za ule mzingiro wa 1696 hadi 1698. Karibu miaka mitatu Waomani wako nje na Mreno yuko ndani, na ndani si Wareno peke yao, kulikuwa na Waswahili pia waliojifungia upande wa Mreno, na tauni ikaingia ikawamaliza kuliko risasi. Ngome inaangushwa Disemba 1698 walinzi waliobaki ni wa kuhesabu. Sasa mimi nilikuwa nadhani ni Mwislamu dhidi ya Mkristo, mwisho wa habari. Kumbe ndani ya ukuta mmoja watu wa Mombasa, Faza, wapi na wapi, kila mtu ana sababu zake za kukaa upande aliokaa. Siasa za pwani hazijabadilika hata kidogo wallahi.

Na swali, huko Dar ile sanamu ya askari bado ipo? Hapa Mombasa tuko na yetu, na Nairobi iko nyingine.

Mmatumbi_Mjini:

Dada ipo, katikati ya mzunguko wa Samora na Maktaba, ya 1927, kabla yake pale palikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, Waingereza wakaing'oa. Nilikuwa naipita kila siku bila kusoma kilichoandikwa. Wameandika kwamba ni kumbukumbu ya askari na ya wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Lakini aliyesimama pale juu ni askari na bunduki yake, mpagazi hayupo! Na hao wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia ndo waliokufa kwa makumi ya maelfu, kuhara, homa, njaa, mzigo kichwani kutoka huku mpaka Msumbiji, huku Lettow-Vorbeck, kamanda wa Kijerumani, anakimbizwa mpaka kajisalimisha Abercorn, Mbala ya Zambia ya leo, tarehe 25 Novemba 1918 wakati Ulaya vita imeisha wiki mbili nyuma. Usiku ule nilisoma mpaka mafuta ya taa... natania, umeme ulikuwepo.

Chaki_Nyeupe:

Vijana nawasalimu. Mimi ni mwalimu mstaafu, historia nimeifundisha miaka mingi kwa chaki na ramani iliyotoboka.

Mmatumbi umesema vizuri ila hilo la Selous ongezea, usimwachie Mjerumani peke yake. Miaka ya 1940 Mwingereza naye aliwahamisha watu kwa wingi upande wa Liwale, sababu iliyotolewa ikiwa ugonjwa wa malale, na hifadhi ikapanuka ikameza walikotoka. Kwahiyo pori lile limetengenezwa mara mbili na serikali mbili. Na leo sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu 2019, watalii wanashuka na ndege ndogo.

Jambo jingine. Mnamtaja Gwassa na Iliffe, sawa, lakini mjue kazi ile haikutoka hewani. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walirudi vijijini kwao na madaftari wakawahoji wazee waliokuwa vijana wakati wa vita. Miaka sitini na kitu imepita! Wangechelewa kumi tu zaidi wasingemkuta mtu. Sisi wenyewe leo tuna wazee walioishi operesheni vijiji ya 1974, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, wapo barazani wanacheza bao, nani anawauliza? Mnasubiri wafe muandike uzi.

Kuhusu TV, bara haikuwepo mpaka 1994, Unguja wenzetu walikuwa nayo tangu miaka ya 70 na ya rangi. Msije mkadhani kwamba kabla ya 1994 watu wote walikuwa wanasoma. Walikuwa wanasikiliza redio na kunywa pombe. Tofauti ni kwamba aliyetaka kusoma alikipata kitu cha kusoma kwa Kiswahili, hata kijijini, kampeni ya elimu ya watu wazima ilileta vijitabu. Sasa hivi mtu anataka kusoma, kitabu kipo kwa Kiingereza na bei ya mbuzi.

pipi_kijiti:

Mwalimu hapo kwenye Kiingereza ndo pangu. Mi kimombo kinanipiga chenga, nikisoma ukurasa mmoja kwa dikshenari nimezeeka. Kuna historia ya Kiswahili ya maana au ni vile vya darasa la tano vya "zana za mawe za kale"?

Chaki_Nyeupe:

Ipo tena nzito. Anza na maisha ya Tippu Tip, aliyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili chake. Hamed bin Muhammed el Murjebi, amekufa Unguja 1905. Ni mfanyabiashara wa pembe na watumwa anajieleza bila aibu wala majuto, nimenunua huku, nimepigana kule, nimemwambia sultani hivi. Utamchukia na hutaweza kukiacha.

Ukitoka hapo tafuta Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi l'Ajjemy, mambo ya Usambara, Mbegha mwinda nguruwe mpaka anakuwa mfalme wa Vuga, halafu wajukuu wanauana. Tamthilia gani ya Kituruki itafika hapo.

Na kuna tenzi. Watu wanasahau kwamba wazee wetu historia waliiandika kwa beti. Hemedi bin Abdallah el Buhriy ana utenzi wa Wadachi kutamalaki Mrima, ile vita ya Bushiri na watu wa pwani dhidi ya Mjerumani 1888 na 1889, na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi ana wa Maji Maji. Huyo wa Lindi anaangalia mambo akiwa mjini pwani, ukimsoma sambamba na zile kumbukumbu za wazee wa Umatumbi utaona ubishi anaousema Mmatumbi, kila mtu na dirisha lake.

pipi_kijiti:

Mwalimu ubarikiwe. Vinapatikana wapi sasa?

Mmatumbi_Mjini:

Pipi, mimi njia zangu ni hizi. Wale jamaa wa vitabu vya mitumba wanaotandika chini Posta, ila usionyeshe macho yamekutoka maana bei inapanda hapo hapo. Maktaba Kuu pale barabara ya Bibi Titi, vitabu vya zamani vya Tanganyika vipo ambavyo dukani huvikuti tena, na maktaba za mikoa usizidharau. Vile vya zamani zaidi Internet Archive wameviskani bure, unashusha kwenye simu. Ndo kiboko hapo ile simu yako uliyonisema.

Na namna ya kusoma, msianze mwanzo. Hakuna atakayekuja kukuuliza. Anza na kwenu. Ingia faharasa, tafuta wilaya yako, kabila lako, mto wa kwenu, soma kurasa hizo, ukikuta jina usilolijua lifuate. Mimi kwa Matumbi nilifika mpaka Kilwa, Kilwa nikamkuta Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, kapita 1331, Mreno kaja kuipora 1505, sarafu za masultani wa Kilwa zimeokotwa mpaka visiwani kaskazini mwa Australia. Australia! Zilifikaje bado watu wanabishana, na mimi hapo ndo nina raha zangu.

MjiMkongwe_Muscat:

Assalaam alaykum. Mie niko Muscat, kwetu Unguja, nnawasoma tu kimya kimya ila hapa nimeshindwa.

Huku nyumbani TV iko kama mtu wa familia na mie sikuizima, nimeihama tu, nnakaa chumba cha pili na kitabu. Nilianza na vile vita vifupi vya Unguja na Muingereza, tarehe 27 Agosti 1896, dakika thelathini na nane au arubaini na tano kutegemea nnasoma nani. Dunia nzima inavicheka, vita vifupi kuliko vyote, wanaviweka kwenye chemsha bongo. Nenda usome. Watu kama mia tano upande wa kasri waliuawa au kujeruhiwa, upande wa Muingereza baharia mmoja kajeruhiwa. Kichekesho kiko wapi hapo?

Na hawakwambii kilichompata Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekalia kiti cha usultani Muingereza asimtake. Alikimbilia kwa balozi wa Kijerumani. Muingereza akaweka ulinzi nje, akikanyaga ardhi ya Unguja tu anakamatwa. Wajerumani wakangoja maji kujaa, mashua ikaingia mpaka ukingo wa bustani ya ubalozi, akapanda asikanyage ardhi, akapelekwa melini hadi Dar es Salaam. Akakaa huko mpaka Muingereza alipoichukua Dar 1916 akamnasa, akahamishwa Shelisheli na St Helena, mwisho akaruhusiwa Mombasa, akafia hapo 1927. BintiMvita uko naye mjini mwako na hujui.

Ila nkwambieni kitu kimoja, historia kwetu si burudani yote. Ukifika 1964 kila kitabu kina upande, na kila upande una mtu wake ndani ya ukoo wangu. Nimesoma vinavyoitukuza mapinduzi na nimesoma vinavyolia. Hesabu za waliokufa hazikutani hata kidogo. Kile cha kulia nilipokiacha mezani baba yangu mdogo alikisoma usiku mzima, asubuhi hakusema neno. Kile kingine nilikuta kageuza jalada chini. Kwahiyo huo ubishi mnaoufurahia nyie wa bara, sie tunakula nao wali.

BintiMvita:

Subhanallah, Khalid sikujua kama mwisho wake ulikuwa hapa. Nitamuuliza mzee wetu mmoja wa Mji wa Kale, yeye makaburi yote anayajua.

Mmatumbi_Mjini:

Muscat umenigusa ndugu yangu. Mimi wangu walikufa 1906 ndo maana nina ujasiri wa kufurahia ubishi, hakuna aliyebaki wa kugeuza jalada. Hilo nalikubali.

kiboko_yao:

Basi na mimi niwape yangu maana naona mmenikalia. Mimi Mhehe. Fuvu la Mkwawa, mtawala wetu aliyepigana na Mjerumani, lile pale makumbusho ya Kalenga, ni lake au tunaabudu mtu mwingine? Babu alikuwa anasema ni lake na mwisho wa mjadala.

Mmatumbi_Mjini:

Kiboko kumbe na wewe umo! Angalia ugomvi huo. Mkwawa kajipiga risasi tarehe 19 Julai 1898, kichwa kikachukuliwa. 1919 kwenye Mkataba wa Versailles, mkataba wa kumaliza vita vya dunia nzima, wakaweka kifungu cha 246 kwamba Ujerumani irudishe fuvu ndani ya miezi sita. Mjerumani akasema hajui liko wapi. Likaja kurudi 1954, gavana Twining mwenyewe alienda Bremen kwenye jumba la makumbusho, akakuta mafuvu mengi, akachagua kwa vipimo vinavyokaribiana na vya ndugu wa Mkwawa walio hai na kwa tundu la risasi.

Chaki_Nyeupe:

Kwahiyo alichagua. Hakuonyeshwa lenye jina. Hapo ndipo wabishi wanapoingilia.

kiboko_yao:

Mwalimu unataka babu afufuke anipige fimbo. Kifungu cha ngapi mmesema? 246? Versailles? Mimi nimekaa Iringa miaka yote Kalenga ni bodaboda tu na sijawahi kuingia. Nipeni kitabu kimoja cha Wahehe nianze nacho, Kiingereza poa tu nitakomaa.

Chaki_Nyeupe:

Kitabu nitakuwekea kesho nikikagua kabati. Wewe nenda Kalenga kwanza, mtazame tundu la risasi liko upande gani, urudi utuambie hapa. Na usiende na simu ya kupiga selfi tu, nenda na daftari.